Meli ya Mjerumani imeonekana ziwani? Mzazi, uliza kwanza kabla ya kutuma hela

Tuseme ni Jumamosi jioni, Matema. Gulio la vyungu pale Lyulilo limekwisha, mitumbwi iliyoleta vyungu kutoka Ikombe imegeuza, na baba wa nyumba moja amekaa kibarazani na simu mkononi. Wiki iliyopita amelipwa hela ya kokoa. Sehemu ya hela hiyo imewekwa kando kwa ajili ya mahitaji ya binti yake anayesoma bweni.

Ujumbe unaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kuna picha yenye giza, na katikati yake kitu kirefu kama kivuli. Chini yake imeandikwa kwamba meli ya Mjerumani iliyozama wakati wa vita imeonekana chini ya Ziwa Nyasa, imejaa dhahabu na zebaki, na wazungu wameshafika kuitafuta. Anayetaka hisa atume hela kabla ya Jumatatu. Mwisho kuna onyo: siri ibaki ndani ya ukoo.

Kijana wake wa miaka 17 anachungulia simu begani kwa baba yake. "Baba, mimi naweza kuzamia pale. Nimeshazoea kwenye yale mawe."

Mama anaitikia kutoka jikoni, hajaiona hata hiyo picha. "Baba watoto, ile hela ya mtoto usiiguse."

Familia hii ni ya mfano tu. Lakini habari za "mali za Mjerumani" si za mfano. Kila mzazi aliyekulia Tanzania amewahi kuzisikia: sanduku lililofukiwa chini ya mbuyu, alama iliyochongwa kwenye jiwe, pango lenye mlinzi asiyeonekana. Wapo waliouza ng'ombe na viwanja kuzifuata. Sasa hadithi ileile imeingia kwenye simu, na kwa watu wanaoishi kando ya ziwa imepanda melini.

Swali la mzazi ni jepesi kuliuliza na gumu kulijibu: utajuaje kama ni kweli?

Meli yenyewe ilikuwepo

Uongo mzuri hujengwa juu ya ukweli kidogo, na hapa ukweli upo. Wajerumani walikuwa na meli ya mvuke katika Ziwa Nyasa. Iliitwa Hermann von Wissmann, jina la mtu aliyeongoza mpango wa kuileta. Ilisafirishwa ikiwa vipandevipande kupitia mto Zambezi na mto Shire, ikaunganishwa na kuanza kazi miaka ya mwanzo ya 1890. Makao ya kwanza ya Wajerumani katika eneo hili, Langenburg, yalikuwa kwenye ufuko huuhuu wa kaskazini mashariki mwa ziwa, kabla ya kuhamishiwa milimani mahali ambapo leo panaitwa Tukuyu.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, meli hiyo ilikuwa Liuli, ambayo sasa ni sehemu ya wilaya ya Nyasa, mkoani Ruvuma. Wajerumani waliiita bandari hiyo Sphinxhaven kwa sababu ya jiwe kubwa lililoko pale. Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza iliyoitwa Guendolen, ikiongozwa na Kepteni Rhoades, ilifika na kuishambulia. Nahodha Mjerumani alikuwa hajapata habari kwamba vita imeanza.

Jambo la kushika hapa ni moja. Wissmann haikuwa majini siku hiyo. Ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Waingereza waliiharibu isiweze kufanya kazi, na Mei 1915 walirudi tena Liuli kuimalizia. Huko Uingereza habari hiyo ilitangazwa kama ushindi wa majini, ingawa meli iliyoshindwa ilikuwa juu ya magogo.

Kwa hiyo ile picha ya meli iliyopigwa katikati ya ziwa na kuzama na shehena yake ya dhahabu haiendani na yaliyotokea. Anayeuza hisa za "meli ya Mjerumani" anapaswa kwanza kusema ni meli ipi, ilizama siku gani na wapi.

Dhahabu ya Tabora na mchanga wa Kigoma

Mbona basi hadithi haifi? Kwa sababu dhahabu nayo ilikuwepo. Mwaka 1916, walipokuwa wamezingirwa na hawapati fedha kutoka kwao, Wajerumani walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 mjini Tabora, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Sarafu hizo zina picha ya tembo na leo hutafutwa sana na wakusanyaji. Mtu akishajua hilo, ni rahisi kuamini kwamba zipo nyingine zimefichwa mahali.

Lakini tazama meli ya Kijerumani ambayo kweli ilizamishwa katika ziwa la Tanzania, na ambayo kweli ilitolewa. Graf von Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe karibu na Kigoma mwezi Julai 1916 ili isitekwe. Mafundi waliipaka injini grisi nzito isishike kutu, wakaijaza mchanga, wakaizamisha taratibu. Baada ya vita ilipandishwa, ikakarabatiwa, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina ambalo Watanzania wote wanalijua: Liemba.

Shehena iliyokuwa ndani ya meli hiyo ilikuwa mchanga. Hazina ilikuwa meli yenyewe.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa manowari Königsberg, iliyomalizwa katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915. Kilichotolewa haraka kwenye mabaki yake ni mizinga, ambayo jeshi la Wajerumani liliikokota nchi kavu na kuendelea kupigana nayo. Jeshi lililo vitani huokoa kwanza kile linachokihitaji. Si rahisi liache dhahabu nyuma na kubeba vyuma.

Hata wenye vyombo hukosea

Mzazi anaweza kusema: sawa, lakini ujumbe huu una picha ya chini ya maji. Picha si ushahidi?

Mwezi Januari 2024 kampuni moja ya Marekani, Deep Sea Vision, ilionyesha dunia picha ya sona, yaani picha inayotengenezwa kwa mwangwi wa sauti majini. Ilionyesha kitu chenye umbo la ndege kwenye kina cha karibu kilomita tano katika bahari ya Pasifiki. Walidhani ni ndege ya Amelia Earhart, rubani mwanamke aliyepotea mwaka 1937. Habari ikazunguka kila mahali. Kabla mwaka haujaisha walirudi kutazama kwa karibu, wakakuta ni miamba.

Mwaka 2014 mtafutaji maarufu wa meli, Barry Clifford, alitangaza kwamba huenda ameipata Santa Maria, meli ya Christopher Columbus iliyokwama karibu na Haiti usiku wa Krismasi mwaka 1492. Serikali ya Haiti iliiomba UNESCO itume wataalamu. Ripoti yao ilitoka Oktoba mwaka huohuo: misumari na vifungio vya meli ile vilikuwa vya shaba, aina ya uundaji iliyokuja miaka mingi baada ya Columbus. Tena mahali palipopatikana mabaki hapakulingana na maelezo ya safari yenyewe. Ilikuwa meli kweli, ila si ile.

Huko Alabama, Marekani, mwandishi wa habari Ben Raines alitangaza mwanzoni mwa mwaka 2018 kwamba huenda ameipata Clotilda, meli iliyowabeba watumwa kutoka Afrika Magharibi mwaka 1860 na kisha ikachomwa moto kuficha uhalifu. Wataalamu walipima mabaki wakasema hapana, hii ni kubwa mno. Raines alikubali, akaendelea kutafuta, na mabaki mengine aliyoyapata yalichunguzwa kwa vipimo, mbao na alama za moto. Mwezi Mei 2019 ilithibitishwa kuwa Clotilda.

Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayepaswa kuitwa tapeli kwa sababu tu alikosea. Walikuwa na majina yao, walionyesha walichokiona, na wakakubali wengine waje kukagua. Walipokosea, ilijulikana. Tapeli hakubali kukaguliwa, na hapo ndipo pa kumtambua.

Wanaojua husema "huenda"

Jirani zetu wa Kenya wanao mfano mzuri. Mwaka 2013 mabaki ya meli ya kale yaligunduliwa Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, na Caesar Bita, mtaalamu wa mambo ya kale ya chini ya maji wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Pembe za ndovu na vipande vya shaba vilitolewa majini. Umri na aina ya vitu hivyo vinaelekeza kwenye meli ya Wareno ya miaka 500 iliyopita.

Mwaka 2024, zaidi ya miaka kumi baadaye, Bita na mwenzake Filipe Castro waliandika kwamba meli hiyo huenda ni São Jorge, iliyopotea mwaka 1524 katika msafara wa mwisho wa Vasco da Gama. Neno lao ni hilohilo: huenda. Zipo meli nyingine za Wareno zilizozama katika pwani hii, na mbao za meli zinahitaji kuchunguzwa zaidi kabla ya mtu kuipa jina.

Na uthibitisho kamili unafananaje? Machi 2022 wachunguzi waliipata Endurance, meli ya Ernest Shackleton iliyovunjwa na barafu katika bahari ya Weddell, Antaktika, mwaka 1915. Ilikuwa kwenye kina cha mita 3,008, kilomita chache tu kutoka mahali nahodha wake alipopaandika wakati inazama. Kamera zilionyesha jina ENDURANCE limeandikwa nyuma ya meli na linasomeka. Hakuna kitu kilichotolewa. Dunia nzima iliitazama bila mtu kuombwa kutuma hela.

Maswali matano ya kuuliza sebuleni

Mzazi hahitaji kuwa mtaalamu wa meli. Maswali haya matano yanatosha, na ni vizuri kuyauliza watoto wakiwa wanasikia.

1. Nani amesema? Mtu mwenye jina, kazi na mahali anapopatikana, au "imetumwa kama ilivyopokelewa"?

2. Je, meli hiyo ilizama kweli? Lini, wapi, na nani aliandika wakati huo? Kama historia inasema meli ilikuwa nchi kavu, haiwezi kupatikana katikati ya ziwa.

3. Mbali na picha, kuna nini? Urefu uliopimwa, aina ya mbao au chuma, misumari, jina lililoandikwa. Kivuli kirefu kinaweza kuwa gogo, mwamba au mtumbwi wa juzi. Picha yenyewe inaweza kuwa imechukuliwa bahari nyingine kabisa.

4. Nani mwingine amekagua, ambaye hana faida yoyote katika jibu?

5. Kwa nini anataka hela, haraka, na kwa siri? Hili ndilo swali kubwa. Ugunduzi wa kweli hutafuta macho mengi. Unaojificha na kuweka siku ya mwisho ni ndugu wa ule ujumbe tunaoufahamu wote: "ile hela tuma kwenye namba hii."

Kuna jambo la sheria pia. Kwa mujibu wa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kuchimba kutafuta masalia ya kale Tanzania kunahitaji kibali. Mtu anayekuuzia hisa za meli bila kukuonyesha kibali anakuuzia pia kesi.

Ziwa si bwawa la kuogea

Hela inaweza kupatikana tena msimu ujao wa kokoa. Kinachotisha zaidi ni yule kijana wa miaka 17 aliyesema anaweza kuzamia.

Ziwa Nyasa ni miongoni mwa maziwa yenye kina kirefu zaidi duniani. Mahali pa kina kirefu kabisa panafikia takribani mita 700. Pale Matema milima ya Livingstone inashuka hadi majini, na sehemu nyingine ufuko haukupi nafasi: hatua chache tu na miguu haigusi chini. Mpiga mbizi wa burudani aliyefunzwa, mwenye mtungi wa hewa na mwenzake pembeni, hushauriwa asizidi mita 40. Kijana mwenye pumzi yake tu hana lolote la kutafuta huko chini.

Wazazi wengi hawajui hatari ya kupumua harakaharaka kabla ya kuzamia. Vijana hufanya hivyo wakidhani wanajaza hewa. Kinachotokea ni kwamba wanapunguza kabonidayoksaidi mwilini, na hiyo ndiyo inayouambia ubongo kuwa muda wa kuvuta pumzi umefika. Oksijeni inaisha kabla kengele haijalia. Kijana anazimia chini ya maji kimyakimya, na anaweza kuwa mwogeleaji hodari kuliko wote kijijini.

Mpira wa hewa unaounganishwa na kompresa ya kujazia matairi ni hatari kwa namna nyingine. Moshi wa injini ukiingia kwenye hewa hiyo, mzamiaji anavuta sumu. Akipata hofu na kupanda juu haraka huku amebana pumzi, hewa iliyoko kifuani inatanuka na mapafu yanaweza kupasuka. Akikaa chini muda mrefu kisha akapanda haraka, viputo vya naitrojeni hujitengeneza kwenye damu, na matokeo yake yanaweza kuwa maumivu makali ya viungo, kupooza au kifo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Familia za ufukweni hazihitaji kuambiwa hilo kwa tarakimu. Wengi wana jina la mtu wao.

Upo pia ugonjwa wa kichocho, unaopatikana katika Ziwa Nyasa kama ilivyo katika maziwa mengine ya nchi yetu. Mtoto anayeshinda kwenye maji ya kina kifupi yenye majani na konokono apelekwe kupimwa. Dawa ipo, na kuchelewa huumiza kibofu, utumbo na ini.

Hiyo "zebaki ya Mjerumani"

Ujumbe ulitaja zebaki. Wanaotafuta mali za Mjerumani husikia sana habari za "zebaki nyekundu" inayouzwa kwa mamilioni. Kitu hicho chenye nguvu za ajabu hakijawahi kuthibitishwa na maabara yoyote.

Zebaki ya kweli ni ile nyeupe ya kung'aa, inayojulikana kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, nayo ni sumu. Hutoa mvuke usioonekana wala kunuka hata bila kuchemshwa. Mvuke huo huharibu mishipa ya fahamu na figo, na hudhuru zaidi mtoto mdogo na mtoto aliye tumboni. Chupa ya zamani yenye zebaki isiwekwe chini ya kitanda kusubiri mnunuzi. Ikimwagika, watoto watolewe nje, milango na madirisha yafunguliwe, isifagiliwe, na ushauri utafutwe kituo cha afya.

Vivyo hivyo, chuma cha zamani chenye umbo la risasi kubwa kisiguswe wala kugongwa. Polisi waitwe.

Meli iliyozama ni kaburi pia

Kuna jambo moja ambalo ujumbe wa namna hii hausemi kamwe. Katika ziwa hili hili, upande wa Malawi, meli ya abiria iitwayo Vipya ilipinduka katika dhoruba tarehe 30 Julai 1946, ikiwa mpya kabisa. Watu zaidi ya 140 walikufa. Katika Ziwa Victoria, Mv Bukoba ilizama Mei 21, 1996 na zaidi ya watu 800 hawakurudi nyumbani. Mahali watu walipopotelea, familia zao hupaheshimu. Hapagawanywi hisa.

Jibu la kibarazani

Turudi kwa ile familia ya mfano. Kukataa peke yake hakutoshi, kwa sababu kijana aliyekatazwa bila maelezo atakwenda kwenye mawe siku wazazi wako shambani. Baba anaweza kumpa simu na kumwambia asome yale maswali matano mwenyewe, ajibu moja moja. Hapati jina la aliyetuma. Hapati tarehe ya kuzama. Hapati kipimo wala mkaguzi. Anapata namba ya simu na neno "haraka."

"Kwa hiyo, baba, hakuna meli?"

"Ilikuwepo, mwanangu. Ilikuwa Liuli. Ukifunga shule tutapanda ile meli ya abiria inayokwenda Mbamba Bay, nikuonyeshe."

Mama anatoka jikoni na chungu alichonunua mchana pale Lyulilo. Alikuwa amekiinua, akachungulia ndani, akakigonga kwa kidole asikie mlio kabla ya kutoa hela. Ni chungu tu, na muuzaji anamfahamu miaka yote. Anakitua chini, anapokea simu kutoka kwa mwanawe, anaandika kwenye kundi la ukoo mstari mmoja: "Ndugu zangu, kabla hamjatuma, tuulizane kwanza."